Weka kwa Maandishi: Elimu Maalumu Marekani kwa Mzazi Anayezungumza Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayezungumza Kiswahili, mwenye mtoto katika shule ya umma ya Marekani, na ambaye anajua au anashuku kwamba mtoto huyo ana ulemavu: hasikii vizuri, ana usonji, ana kifafa, hatamki maneno yakaeleweka, au madarasa yanapita na kusoma bado kunamshinda. Huenda mlifika Louisville au Houston mkitokea kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Huenda mlikuja kwa bahati nasibu ya viza kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Haki ni zile zile. Hata asiye na karatasi za uhamiaji ana haki ya kusoma shule ya umma, kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe.

Sheria kuu ya elimu maalumu inaitwa IDEA. Ilianza mwaka 1975, Rais Gerald Ford alipotia saini sheria ya kuzilazimisha shule za umma kuwapokea watoto wote wenye ulemavu. Kabla ya hapo Bunge lilikadiria kwamba watoto milioni 1 walikuwa wamefungiwa nje ya shule kabisa. Leo wanaohudumiwa chini ya sheria hiyo ni zaidi ya milioni 7 na nusu. Katika miaka hii imerekebishwa mara kadhaa, na ukiyatazama marekebisho yake makubwa unaona swali limegeuka. Mwanzoni sheria iliuliza: mtoto ameingia shuleni? Tangu 1997, na zaidi tangu 2004, inauliza: akiwa humo, anajifunza nini?

Swali hilo la pili ndilo lenye faida kwako, lakini halijiulizi lenyewe. Hakuna mkaguzi anayekuja darasani kumtazama mwanao. Sheria huanza kufanya kazi mzazi anapouliza, na huuma pale alipouliza kwa maandishi.

Ombi la kwanza

Mwalimu akikuambia "tumsubiri kidogo", mshukuru, kisha andika barua. Haihitaji wakili wala Kiingereza cha chuo. Inatosha iseme hivi:

"Mimi ni mama wa (jina la mtoto), darasa la tatu. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA. Nina wasiwasi kwa sababu anasahau herufi alizofundishwa wiki iliyopita, na analia akiambiwa asome. Nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kibembe. Naomba mkalimani wa Kiswahili katika kila kikao, na naomba fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa."

Weka tarehe, tia saini, na ipige picha kwa simu kabla haijatoka mkononi mwako. Ukiweza, itume pia kwa baruapepe kwa mkuu wa shule. Ukipata mtu wa kukuandikia kwa Kiingereza, ni vyema zaidi. Ukikosa, peleka ya Kiswahili.

Shule ikishapata barua hiyo ina njia mbili tu: ikubali na kukuletea fomu ya ridhaa, au ikatae na kukuandikia notisi yenye sababu za kukataa. Haina ruhusa ya kukaa kimya. Na hapa wazazi wengi hupoteza miezi: muda wa kisheria hauhesabiwi tangu siku ulipozungumza na mwalimu, wala tangu siku ya barua. Huhesabiwa tangu siku ulipotia saini ridhaa. Kwa sheria ya taifa shule ina siku 60 kukamilisha tathmini, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake (Texas, kwa mfano, kwa kawaida ni siku 45 za masomo). Kwa hiyo usiondoke bila kuuliza fomu ya ridhaa italetwa lini. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake lazima kifanyike ndani ya siku 30.

Kuna visingizio viwili utakavyovisikia. Cha kwanza ni kwamba mtoto apewe kwanza masomo ya ziada katika kikundi, watazame ataitikiaje. Njia hiyo ni nzuri kwa kufundishia, na marekebisho ya 2004 yaliifungulia mlango. Lakini Januari 2011 ofisi ya elimu maalumu ya Washington iliziandikia idara za elimu za majimbo kwamba haiwezi kutumika kuchelewesha au kunyima tathmini. Yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Cha pili kinatugusa zaidi sisi: "ajifunze Kiingereza kwanza." Sheria inakataza kumwita mtoto mwenye ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, au kwa sababu hakupata masomo ya maana huko nyuma, na hilo ni ulinzi mkubwa kwa mtoto aliyekulia kambini katika darasa lililofurika. Ila ulinzi huo haugeuzwi kuwa kizuizi. Mtoto anaweza kuwa mgeni wa Kiingereza na pia akawa na tatizo la kusikia. Tathmini lazima ifanywe kwa lugha na njia itakayoonyesha kwa usahihi anachojua na anachoweza kufanya, kadiri inavyowezekana. Waambie wazi lugha anayoitumia akicheza na ndugu zake. Na kama kwa Kiswahili au Kinyarwanda pia alichelewa kusema, au hamwelewi hata anaposema lugha ya nyumbani, hilo ndilo jambo la kwanza kulitaja, kwa sababu tatizo linalojitokeza katika lugha zote haliwezi kusingiziwa Kiingereza.

Mkalimani si hisani

Shule inatakiwa na IDEA kuchukua kila hatua inayohitajika ili mzazi aelewe kinachoendelea kikaoni, ikiwemo kuleta mkalimani. Notisi muhimu lazima ziwe katika lugha yako isipokuwa pale ambapo ni wazi haiwezekani. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, na baadhi ya wazazi wakaambiwa kwamba wakalimani wamekwisha. Si kweli. Amri ya rais haifuti sheria iliyotungwa na Bunge, na kipengele cha mkalimani ni sehemu ya sheria ya elimu maalumu.

Mkataze dada yake au kaka yake mtoto kukalimani. Kumtwika kijana wa miaka 13 kazi ya kumweleza mama yake kwamba mdogo wake ana ulemavu wa akili ni kumwonea. Pia una haki ya kusema kwamba Kiswahili cha mkalimani hukielewi. Aliyekulia Uvira na aliyekulia Unguja wanaelewana sokoni, lakini kikao cha saa moja na nusu chenye maneno ya kitaalamu ni jambo jingine.

Nimefanya kazi ya ukalimani katika vikao hivi, na kinachoniumiza zaidi ni kumwona mzazi akiitikia kwa kichwa jambo ambalo hajalielewa, kwa heshima. Tumelelewa hivyo: mwalimu habishiwi. Lakini katika chumba kile sheria inakuhesabu wewe kama mjumbe kamili wa timu, sawa na mwanasaikolojia na mkuu wa shule. Ukiuliza hujamvunjia mtu heshima. Wanaokaa mbele yako wengi wanataka kumsaidia mwanao, na swali zuri huwapa nguvu ya kudai bajeti kwa wakubwa wao.

Kusoma IEP

IEP ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja, ulioandikwa kwa ajili yake tu. Huwa na kurasa nyingi, na nyingi kati yake ni maneno ya kisheria yanayofanana kwa kila mtoto. Wewe nenda moja kwa moja sehemu tatu.

Ya kwanza ni malengo ya mwaka. Lengo linalosema "ataboresha usomaji wake" halifai kitu, kwa kuwa hakuna siku litakayothibitika kuwa limeshindwa. Lengo linalofaa husema hivi: akipewa kifungu cha kiwango cha darasa la pili ambacho hajawahi kukiona, atasoma kwa usahihi maneno 70 kwa dakika ifikapo Mei, kwa sasa anasoma 38. Hapo una mwanzo, una mwisho, na una kipimo. Zamani sheria ilitaka pia malengo madogo ya katikati kwa kila mtoto; mwaka 2004 yakaondolewa, yakabaki kwa wale tu wanaofanya mtihani mbadala (nitaueleza chini). Kwa maoni yangu hilo lilikuwa pigo kwa wazazi. Lakini hakuna kinachokuzuia kuomba yaandikwe. Sema: "Naomba tuandike atakuwa amefika wapi Desemba." Ripoti za maendeleo ni lazima zije kwa vipindi vilivyotajwa kwenye mpango wenyewe, zisipokuja, ulizia kwa barua.

Ya pili ni jedwali la huduma. Angalia dakika. "Tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki, na mtaalamu wa usemi" ni ahadi. "Kadiri itakavyohitajika" si ahadi. Shule haina ruhusa ya kupunguza huduma kwa hoja kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba serikali kuu iliahidi mwaka 1975 kubeba hadi asilimia 40 ya wastani wa matumizi kwa mwanafunzi mmoja na haijawahi kuitimiza ahadi hiyo, lakini deni hilo si la mwanao kulilipa.

Ya tatu ni ukurasa wa saini. Kusaini kwamba ulihudhuria si kukubali, kwa hiyo uliza unasaini nini. Huduma za mara ya kwanza kabisa haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi. Baada ya hapo, katika majimbo mengi shule inaweza kutekeleza mpango mpya hata kama hukuusaini, ilmradi imekupa notisi. Kwa hiyo kunyamaza si njia ya kupinga. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, isomewe polepole, kisha andika unachokipinga. Ukiletewa karatasi ya kumruhusu mwalimu fulani asihudhurie kikao, jua kwamba ruhusa hiyo ni yako kuitoa au kuikataa. Na uwe mwangalifu sana na karatasi ya kuondoa ridhaa: tangu mwisho wa 2008 mzazi anaweza kumtoa mtoto katika elimu maalumu kwa saini moja, na shule haiwezi kumpinga. Wapo waliotia saini wakidhani wanakataa huduma moja tu, zikaondoka zote.

Wakikuambia kwamba mtoto "anapata faida kidogo, inatosha", taja Endrew F. Ni hukumu ya Machi 2017, iliyotoka kwa kijana mwenye usonji wa Colorado ambaye malengo yake yalikuwa yakirudiwa karibu yale yale mwaka hadi mwaka. Majaji wote wa Mahakama Kuu walikubaliana kwamba mpango lazima uundwe ili mtoto apige hatua inayolingana na hali yake. Kwa hiyo weka IEP ya mwaka jana na ya mwaka huu pamoja mezani. Malengo yakiwa yamenakiliwa neno kwa neno, onyesha kwa kidole na uulize kwa nini.

Shule inawajibika kwa nani?

Kuna sheria ya pili, inayopima shule nzima. Mwaka 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyotaka kila mwanafunzi afikie kiwango cha kusoma na hesabu ifikapo 2014, na kwa mara ya kwanza shule zote zikalazimika kutangaza peke yake matokeo ya wanafunzi wenye ulemavu. Lengo la asilimia 100 lilikuwa ndoto, na lilileta adhabu nyingi. Lakini kabla ya hapo, wastani wa shule ulikuwa unawaficha watoto wetu. Desemba 2015 ikaja sheria ya ESSA, iliyoyarudishia majimbo uhuru wa kupanga vipimo vyao huku ikibakiza mambo kadhaa: mitihani kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane na mara moja sekondari, angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye, na matokeo ya wenye ulemavu yatangazwe kando.

Kila shule ina kadi ya ripoti kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Tafuta mstari wa wanafunzi wenye ulemavu, ulinganishe na mstari wa wote. Ukikuta nafasi tupu, huenda kundi ni dogo kuliko idadi ya chini iliyowekwa na jimbo, basi tazama matokeo ya wilaya nzima. Kila mwaka jimbo pia huzipanga wilaya za shule katika ngazi nne za utekelezaji wa IDEA. Uliza ya kwenu ni ipi.

Takwimu hizi hazitakuambia kama mwanao amefundishwa. Zina kazi nyingine: wakikueleza kwamba watoto wa aina yake hawawezi kusoma, unaweza kuuliza mbona katika shule ya jirani wanasoma.

Na takwimu zinaweza kugeuzwa silaha. Mwaka 2004 Texas iliweka kipimo kilichozipa alama mbaya wilaya zenye wanafunzi zaidi ya asilimia 8.5 katika elimu maalumu, ilhali kitaifa walikuwa kama asilimia 13. Shule zikajifunza kukataa. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua hilo mwaka 2016, na Januari 2018 serikali kuu ikathibitisha kwamba jimbo lilivunja sheria. Kama mwanao alikataliwa tathmini Texas miaka ile, kwa mdomo tu, bila karatasi, sasa unajua huenda sababu ilikuwa nini. Bado unaweza kuomba upya maadamu yuko shule.

Jambo la kuwekea macho ni mtihani mbadala. Umekusudiwa watoto wenye ulemavu mkubwa kabisa wa akili, na ESSA inataka wasizidi asilimia 1 ya wanafunzi wote wa jimbo katika kila somo. Ukipendekezwa kwa mwanao, shule lazima ikueleze utaathirije safari yake ya kupata diploma ya kawaida. Uliza swali hilo akiwa darasa la tatu. Usingoje afike la kumi na moja.

Anaporudishwa nyumbani kimya kimya

Shule ikikupigia simu saa nne asubuhi, "njoo umchukue, leo hatulii," na kesho kutwa ikarudia, kila safari kama hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ni kusimamishwa, hata kama haikuandikwa popote. Andika wewe: tarehe, saa, aliyepiga, sababu aliyotoa. Adhabu za kumwondoa mtoto zikizidi siku 10 mfululizo, au zikijirudia hadi zikawa mtindo, shule inatakiwa ndani ya siku 10 za masomo kuitisha kikao cha kuamua kama tabia hiyo inatokana na ulemavu wake. Ikiwa inatokana nao, kwa kawaida arudishwe alipokuwa na apewe mpango wa kumsaidia kitabia. Silaha, dawa za kulevya na kuumiza mtu vibaya ni kesi tofauti: hapo anaweza kuhamishiwa mahali pengine hadi siku 45 za masomo.

Mkishindwa kuelewana

Usianze na wakili. Anza na kituo cha mafunzo kwa wazazi, kinachojulikana kwa kifupi kama PTI. Kila jimbo lina angalau kimoja, huduma ni bure, na vingine huwa na watu wa kukusindikiza kikaoni. Kama hukubaliani na tathmini ya shule, omba kwa maandishi tathmini huru kwa gharama ya shule; shule ama italipa, ama italazimika kufungua shauri kuthibitisha kwamba ya kwake ilitosha.

Upatanishi ni bure na ni wa hiari. Malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo nayo ni bure. Unayatuma ndani ya mwaka 1 wa kosa, nakala unaipa shule, na jimbo lina siku 60 kutoa jibu. Kwa mambo yaliyo wazi, kama huduma zilizoandikwa kutotolewa, njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Shauri mbele ya msikilizaji huru ni zito zaidi. Kwa kawaida una miaka 2, na tangu hukumu ya Schaffer dhidi ya Weast ya 2005 anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, isipokuwa katika majimbo machache kama New York na New Jersey. Mzigo huo hubebwa na barua zako, picha zako za simu na daftari lako. Shauri likiendelea, mtoto hubaki pale alipokuwa.

Machi 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kupunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake, na ofisi 7 kati ya 12 za kikanda zinazoshughulikia ubaguzi shuleni zikafungwa. Kwa hiyo malalamiko yanayopelekwa Washington yatarajie kukawia. IDEA yenyewe haijafutwa kwa hatua hizo, na njia za jimbo nilizozitaja hazipiti Washington.

Umri na diploma

Akifikisha miaka 16, na mapema zaidi katika baadhi ya majimbo, IEP lazima iwe na mpango wa maisha baada ya shule. Akifikisha 18, katika majimbo mengi haki zote zinahamia kwake mwenyewe, na shule inatakiwa kuwaambia mwaka mmoja kabla. Kama hawezi kuamua mwenyewe, waone mapema PTI kuhusu njia za kisheria za kumsaidia.

Haki ya elimu maalumu inaweza kuendelea hadi miaka 21 kutegemea jimbo, lakini hukoma siku anapopokea diploma ya kawaida. Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 16 mara nyingi husukumwa amalize haraka. Kabla ya kukubali tarehe ya kuhitimu, omba orodha ya masomo aliyofaulu na uulize atapewa diploma au cheti cha kuhudhuria tu. Huko Sturgis, Michigan, mwanafunzi kiziwi aliyehamia kutoka Mexico alikaa miaka na msaidizi asiyejua lugha ya alama, akipewa alama nzuri, na miezi michache kabla ya mahafali familia ikaambiwa hatapata diploma. Machi 2023 Mahakama Kuu ilisema anaweza kudai fidia ya fedha chini ya sheria ya kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu bila kumaliza kwanza ngazi zote za IDEA, na Juni 2025, katika kesi nyingine, ikasema wanafunzi hawawekewi kipimo kigumu zaidi, kama kuthibitisha nia mbaya ya shule, kuliko kinachowekwa kwa walemavu wengine wanaodai haki chini ya sheria za kupinga ubaguzi. Orodha hiyo ya masomo iombe kwa barua, kila mwaka wa sekondari, kuanzia ule wa kwanza.